Kichwa cha Treni Kilichogoma

Tangu Jumatatu fundi cherehani alikuwa amekaa roho juu, na Jumamosi mumewe alipoweka bisibisi zake mezani alijua siku imefika.

Mumewe alikuwa mstaafu wa reli. Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa kazi yake ilikuwa kukata tiketi. Kutoka kwa marehemu baba yake alirithi kichwa cha treni cha kuchezea, cha chuma, urefu wa kiganja, na kila Jumamosi alikizungusha kwenye reli zilizopangwa juu ya meza ya chumba cha mbele. Leo alibonyeza swichi. Taa ya transfoma ikawaka, kichwa kikatulia kama maji mtungini.

Injinia hakuwa mtu wa papara. Alifuta reli kwa pamba yenye spiriti, kisha akagusisha balbu ndogo juu yake. Ikawaka. Umeme unafika, akasema, basi ugonjwa uko kwa mgonjwa mwenyewe. Akasugua magurudumu mpaka pamba ikawa nyeusi, akajaribu tena. Wapi.

Pembeni yake, mkewe alikuwa anashona foronya. Kila kosa lililoondolewa lilimsogeza mumewe karibu na lile la kweli: Jumatatu, akipangusa vumbi, alikiangusha kichwa hicho sakafuni, akakirudisha mahali pake, akanyamaza. Mshono ulikuwa umeshakwenda upogo, naye hakuuona.

Injinia alifungua skrubu, akainua bodi, lile gamba la nje, na kuigeuza dirishani.

"Hiki kimeanguka," alisema. "Kona imebonyea."

Akaanza kuhesabu siku. Jumamosi iliyopita kilikimbia vizuri. Jumapili alikuja dada yake, akakishika, akasema tena kwamba kilipaswa kwenda kwake. Hakungoja zaidi, akachukua simu. Maneno aliyomwambia dada yake hayakuwa ya mtu na nduguye. Mwenye wivu, alimwita, na mharibifu. Sauti ya upande wa pili ilianza kwa kukana, ikaapa kwa kaburi la baba, mwishoni ikakatika kwa kilio. Injinia akakata simu.

"Hakanyagi tena hapa," alisema.

Mkewe, Mungu amsamehe, alihisi nafuu kwanza. Yeye na wifi yake hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Mwanamke yule hakuingia nyumbani humo bila kuvuta pindo la nguo na kuuliza nani kaishona. Angeweza kunyamaza, mambo yakaisha. Lakini kile kilio hakikutoka masikioni. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Baba watoto, ni mimi. Kiliniponyoka Jumatatu."

Injinia aliweka bisibisi chini polepole, kama anayeogopa kuirusha.

"Kitu huanguka," alisema. "Hilo si neno. Lakini umenisikia nikimtukana dada yangu, na wewe unashona tu."

Mkewe alitamani afokewe.

Hatimaye Injinia akarudia kazi, kwa kuwa mikono yake haikujua jingine la kufanya. Ndani ya tumbo la kile kichwa, waya mmoja mwembamba kama uzi ulikuwa umeng'oka kwenye mota. Alijaribu kuulehemu mara mbili. Kwa hasira akaunguza meza. Bila kumtazama mkewe, akamsogezea kibanio. Yeye, aliyetunga sindano maisha yake yote, akaushika waya mahali pake bila kupumua. Risasi ya kulehemu ikayeyuka, moshi ukapanda, ikaganda.

Swichi ikabonyezwa. Kichwa kikashtuka, kikasimama, kisha kikaondoka.

Injinia hakutabasamu. Alikitazama kikimaliza mzunguko mmoja, akazima umeme, akamkabidhi mkewe simu.

"Anza wewe. Mimi nitafuata."

Mkewe akapiga. "Wifi, ni mimi," alisema, akaeleza yote bila kujipunguzia hata chembe. Wifi yake alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, kwa sauti iliyokauka, kwamba ametukanwa kwa simu na hataombwa radhi kwa simu.

"Ni haki yako," alisema fundi cherehani. "Tunakuja."

Injinia alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu.