Kware Hajamaliza Arobaini

Usiku wa kuamkia leo niliota majirani zangu wawili wanagombana kwenye bustani ya manispaa, mimi nimesimama katikati yao. Sote watatu tunaelea. Kibao kimekataza kukanyaga majani, nasi ni watu wa kutii.

"Yakatwe leo," anasema Bi Zawena. "Jumamosi namuaga binti yangu hapa. Wageni waseme nimewaleta porini?"

"Manispaa wanakata mara moja kwa msimu," anasema Mzee Chande. "Hela ya petroli waliyookoa imewasha taa za mtaa. Na nyuki wamerudi."

"Kwani nyuki nimewaalika mimi?"

"Tumewaalika sisi," yakasema majani. "Na shusheni sauti. Huku chini kware kajifungua, hajamaliza arobaini."

Bi Zawena akashuka kidogo. "Kajifungua? Wangapi?"

"Wanane. Wamefanana na jirani."

Mzee Chande akatazama pembeni.

Kware akachungulia, kajitanda khanga. Hapo hapo bustani ikawa sebule yangu, majani yametokeza hadi kwenye makochi, na mlangoni inapiga hodi mashine ya kukata majani. Imekonda.

"Zamani nilikula kila Jumatatu," ikasema. "Sasa nangoja msimu. Leo siondoki na njaa. Nitaanzia pale." Ikaelekeza visu kwa kware.

Kware akakusanya wanawe chini ya khanga. Majirani wote wakanitazama mimi, kwa kuwa nyumba ni yangu. Mzazi hafukuzwi kabla ya arobaini, na mgeni mwenye njaa harudishwi mlangoni.

Nikaitandikia mashine mkeka. "Karibu, anza na huu."

Ikala ukingo mzima, taratibu, kwa adabu. Ikacheua petroli.

"Umeshiba?"

"Mpaka msimu ujao." Ikaaga kila mtu, hata kware.

Nikaamka. Jua limeshatoka. Mkeka wangu uko sakafuni, ukingo wote umenyolewa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi.

Nikasikia hodi. Bi Zawena, na sufuria ya uji wa pilipili manga.

"Yule mzazi wa bustanini," akasema, "kalala upande gani?"

"Na shughuli ya Jumamosi, shoga?"

"Tutafanyia uwani kwangu. Ngoma ipigwe kichwani kwa mzazi? Wewe vipi?" Akautazama mkeka. "Ilishiba lakini?"

"Ilishiba. Pita ndani, vitumbua bado vya moto. Tule kwanza, uji tutampelekea pamoja."