Kipande Kilichorudi Nyumbani

Jumatatu asubuhi fundi cherehani alivuta droo kutafuta bobini, akakuta kipande cha nta, kidogo kama kiberiti. Ndani yake mlikuwa na nyama aliyokatwa titini hospitalini kwa ajili ya kipimo, miezi mitatu nyuma. Namba iliyobandikwa ilikuwa yake.

"Kimerudi," alimwambia wifi yake.

"Kimechoka kusubiri," wifi alijibu huku akipiga pasi. "Kirudishe kabla joto halijakiyeyusha."

Karani wa maabara alikipokea, akakiweka rafuni. "Daktari wa kusoma vipimo ni mmoja tu, mama. Majibu yakiwa tayari tutakupigia."

Jumanne kilikuwa tena ndani ya droo ileile. Jumatano pia. Fundi akawa hatulii: anakaa, anainuka, anajipapasa kifua, anakanyaga cherehani isiyo na uzi. Suruali ya mteja ikatoka na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Alhamisi hakumkabidhi karani. Alikaa nacho mapajani, mlangoni pa maabara, mpaka daktari alipotokea akikimbilia kikao.

"Kimekuja kwangu mara tatu," fundi alisema.

"Vya wengine pia huenda makwao," daktari alisema. "Haya, kilete."

Daktari alikichonga, akapata utando mwembamba, akautia rangi. Kesho yake aliuinamia kwenye hadubini kwa muda mrefu. Fundi alisimama nyuma yake.

"Ni saratani."

Fundi alishika meza.

"Subiri, mama, sijamaliza. Ni ya daraja la kwanza, inakua polepole. Seli zake zinakaribia kufanana na za kawaida, na zinazogawanyika ni chache. Ikitolewa yote, na kama haijafika kwenye tezi za kwapani, wengi hupona, wakazeeka."

"Wengi si wote."

"Si wote."

"Na ingekuwa ile ya haraka? Ningesubiri vilevile?"

Daktari alifuta miwani. "Vilevile."

Alipasuliwa, uvimbe ukatoka wote, tezi zikakutwa salama. Baada ya mwezi alifuata barua ya majibu yake maabara. Ukumbini vipande vya nta vilikuwa vikivuka sakafu kuelekea getini, na karani alivizoa kwa kizoleo, akivirudisha rafuni.

"Daktari yupo?"

"Yuko likizo, mama."

Kipande kimoja kiligonga kiatu cha fundi, kikakwama. Alimtazama karani, aliyekuwa amempa mgongo. Akasogeza mguu, kikapita.