Wafu wa Wadi Laghsun

Jumanne saa nne asubuhi, Zahiya, mke wa Waziri Mkuu, alikuwa akisonga ugali wa shayiri pale marehemu mama mkwe wake, Bi Gazala, alipoingia uani na wafu arobaini wa bonde la Wadi Laghsun. Walikung'uta mchanga kwenye sanda zao, wakaketi kivulini.

"Mkwe, maji yapo?"

"Yapo, mama. Mmekuja wengi."

"Makaburi yamesawazishwa kwa buldoza. Tungekaa wapi?"

Zahiya akaongeza unga.

Mumewe, Abdulwahid, aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu bondeni humo. Waitalia walimfunga miaka minne. Uhuru ulipopatikana, mfalme alimfanya waziri, kisha Waziri Mkuu, naye akaapa kwamba hakuna mgeni atakayepewa hata shubiri ya ardhi. Ukame ulipoingia mwaka wa pili, jeshi la kigeni liliomba lile bonde liwe uwanja wa ndege zake. Alitia saini.

Jioni aliporudi aliwaamkia wafu mmoja mmoja, akaubusu mkono wa mama yake.

"Mwanangu, umeniuza kwa kitu gani?"

"Kwa ngano, mama. Meli tatu. Watu walikuwa wanakufa njaa."

"Wameshiba?"

"Meli moja iliwafikia. Mbili ziliishia kwenye maghala ya jamaa wa mfalme."

"Mwacheni," alisema Mzee Huwaydi, aliyekufa kwa pumu. "Mimi alinifundishia watoto watano. Wote walifeli hesabu."

Wafu wakacheka. Abdulwahid alilia, kisha akaandika barua ya kuuvunja mkataba. Siku ya tatu, wakati wa chakula cha mchana, redio ilitangaza kwamba mfalme amekubali kujiuzulu kwa Abdulwahid. Hakuwa amejiuzulu. Waziri Mkuu mpya aliurefusha mkataba kwa miaka ishirini.

Walinzi waliondoka, gari likachukuliwa. Wafu walibaki.

Abdulwahid alikwenda manispaa kuwaombea makaburi. Karani alipekua daftari.

"Hawa walishazikwa, Ustadhi. Kibali hutolewa mara moja tu."

"Na mama yangu?"

"Sheria ni hiyohiyo. Uliipitisha wewe."

Akarudi nyumbani, akampa mama yake kitanda, naye akatandika mkeka uani, kati ya Mzee Huwaydi na ukuta. Kila alasiri Zahiya alimimina chai. Ndege zilipopita juu, wote, wazima na wafu, walifunika glasi zao kwa mikono, wakangoja vumbi litue.