Jina la Ayiko Gazetini

Redio iliposema kocha wa timu ya taifa ameacha kazi, mji mzima wa Koboko uligeuka kamati ya uteuzi. Sokoni, nje ya msikiti, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kila mtu alikuwa na kocha wake. Wiki ya pili gazeti lilifika kutoka Kampala, limeshapita mikono mingi, na ndani yake majina matatu yaliyokuwa yakitajwatajwa kwa kazi hiyo. La mwisho lilikuwa la Ayiko, mwalimu wa michezo wa Arua.

Lukumani, fundi cherehani, alilisoma jina hilo mara mbili. Zamani alicheza na Ayiko timu ya jeshi, yeye kiungo, Ayiko kipa. Watu walilijua hilo, wakaanza kumjia kibandani.

"Wewe iko najua huyu mutu," alisema Kasimiro, jirani yake muuza tumbaku. "Ataweza?"

"Ataweza."

"Na vijana ya Koboko atachukua? Ama atasema sisi ni watoto ya askari ya serikali ile ya zamani tu?"

Lukumani aliinama akatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

Jioni hiyo chakula kilimshinda. Mkewe, Sitti, alipomuuliza, alimweleza jambo alilolificha miaka kumi. Mwaka 1979, serikali ilipopinduliwa na jeshi lao likakimbia, alitoka Arua akiwa amepanda nyuma ya lori kuelekea mpaka wa Sudan. Nje kidogo ya mji alimwona Ayiko kando ya barabara, amembeba mama yake mgongoni, anapunga mkono mmoja. Lukumani alikuwa amekaa mbele kabisa, nyuma tu ya chumba cha dereva. Angegonga bati mara mbili tu, lori lingesimama. Hakugonga.

"Gari ilijaa?" Sitti aliuliza.

"Hapana. Niliogopa."

Sitti alifunika chakula kilichobaki. "Ukingoja apate kazi kubwa, watu watasema umefuata cheo. Nenda sasa."

Kesho yake alikwenda Arua, akamkuta Ayiko kwenye uwanja wa shule, anachora mistari kwa majivu yaliyokuwa ndani ya kopo. Nywele zilikuwa zimeanza kumgeuka mvi.

"Lukumani! Na wewe umekuja uliza habari ya kocha?" Ayiko alicheka. "Watu wanakuja kila siku. Mkuu wa shule ameanza tafuta mwalimu mwingine, na mimi hata barua moja sijaona."

"Sikuja kwa hiyo. Mimi ilikuwa kwa lori ile."

Ayiko aliweka kopo chini. "Najua. Mimi iliona wewe." Alitazama goli lisilo na wavu. "Mama aliuliza, huyu si rafiki yako? Nikasema hapana, amefanana naye tu."

Lukumani aliuliza kama mama yupo bado.

"Alikufa Zaire, mwaka ya pili. Malaria. Hiyo usibebe, si yako. Lakini tulitembea siku tatu, tunajificha porini, mpaka kuvuka. Siku hizo tatu ni zako."

"Nisamehe, Ayiko."

Ayiko aliokota kopo la majivu, akampa. "Chora upande ule. Wewe ulikuwa na mkono mzuri." Lukumani alichora, na mstari ukapinda, kwa sababu machozi yalikuwa yanamzuia kuona vizuri. Ayiko aliuacha hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili redio ilitangaza kocha mpya. Alikuwa mtu mwingine kabisa, ambaye hata gazeti halikumtaja. Kasimiro alinuna siku nzima kama aliyenyimwa kazi yeye mwenyewe. Jumamosi Lukumani alirudi Arua, safari hii bila kuambiwa na mtu.

Vijana walikuwa wanakimbia kuzunguka uwanja. Lukumani alisimama kando ya rafiki yake.

"Inauma?"

"Inauma," Ayiko alisema. "Nilikuwa nasema kwa watu hakuna kitu, lakini kwa kichwa nilishapanga timu."

"Taja."

Ayiko alitaja wote, kuanzia kipa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ndugu zake. Alipofika kwa winga wa kushoto, Lukumani alitikisa kichwa.

"Huyo hapana. Hajui krosi."

"Hajui krosi? Wewe ulimwona wapi?"

Wakabishana, mikono hewani, mpaka vijana wakaacha kukimbia na kusimama kuwatazama.