Maziwa Kwenye Utando

Jumatatu asubuhi Anneth alishuka kutoka Nkoaranga, alikokuwa akimuuguza mama yake, akamkuta Nathanaeli amekaa nje ya maabara yao ya Njiro, hajavaa hata koti la kazi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na hakuwahi kumwona akikaa pale.

"Dada, nimekuharibia," alisema. "Ingia uone."

Mezani palikuwa na picha ya utando, karatasi nyembamba ya kunasia protini, ambao Nathanaeli aliuandaa mwishoni mwa wiki. Ilikuwa nyeusi tii, kona hadi kona.

Anneth aliihangaikia kazi hiyo tangu aanze masomo ya uzamivu. Alikuwa akifuatilia protini moja inayozilinda seli zisigeuke saratani. Seli ikijeruhiwa, protini hiyo hubandikwa alama ndogo ya fosfeti, ndipo inapoamka kufanya kazi yake. Kingamwili aliyoagiza huishika protini yenye alama tu. Isiyo na alama huipita kama haioni. Alichokitaka ni mstari mmoja mweusi upande wa seli zilizojeruhiwa, na upande wa seli nzima pabaki peupe. Sasa kichupani ilibaki kingamwili ya jaribio moja. Nyingine ingefika wakati siku ya kuwasilisha matokeo imeshapita.

Alihisi hasira ikipanda, akainyamazia. Mtu huyu aliacha mapumziko yake ili yeye akae na mama. Akavuta kiti, akamwomba asimulie hatua kwa hatua, asiruke kitu.

Nathanaeli akasimulia. Alipofika pa kuloweka utando ili kingamwili isinate ovyo, alisema alikoroga maziwa ya unga kama siku zote, tena akayafanya mazito kidogo, kwa kuwa jaribio lenyewe lilikuwa la thamani.

Anneth akafumba macho. Kwa kingamwili zao nyingine maziwa yalifaa kabisa. Lakini protini ya maziwa nayo imejaa alama za fosfeti, na kingamwili hii ilikuwa imezikimbilia. Akamweleza taratibu, na kwamba hapa hutumika albumini, protini isiyo na alama hizo, inayotolewa kwenye damu ya ng'ombe.

Nathanaeli akatafakari. "Kwa hiyo maziwa hapana, damu ndiyo. Nyie Wameru na ng'ombe wenu mtaniua."

"Na wewe Mchaga ukiona maziwa unawaza kuyauza tu. Simama tufanye kazi."

Wakaandaa utando mwingine, wakauloweka kwenye albumini. Ilipofika zamu ya kingamwili, Nathanaeli alirudi nyuma, mikono mgongoni. Akasema hiyo Anneth aiweke mwenyewe, mkono wake una mkosi.

Kwa kweli Anneth alitaka kuiweka mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimeshaishika pipeti ya kudondoshea. Akamtazama mwenzake aliyesimama kando kama mgeni katika maabara yake mwenyewe, akamgeuzia pipeti.

"Mkono huo ndio ulionipa nafasi ya kumlisha mama uji. Weka wewe, kaka."

Akaweka, pole pole, bila kupumua.

Kesho yake walisimama bega kwa bega mbele ya mashine ya kupigia picha utando. Picha ilijitokeza kidogo kidogo. Upande wa seli nzima palikuwa peupe. Upande wa pili palikuwa na mstari mmoja mwembamba, mweusi, umetulia mahali pake.

Nathanaeli alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akaivaa tena ili aone vizuri.