Kompyuta ya Chaki

Kwa miaka tisa Madame Fabiola alifundisha kompyuta bila kompyuta. Msicheke. Shule yake iko juu kabisa ya mlima, hapa Bukavu, na kilichopanda huko kila mwaka kilikuwa programu ya masomo, si mashine. Basi alichora. Skrini, kibodi, kipanya na mkia wake, vyote kwa chaki ubaoni, na wanafunzi wakabonyeza herufi zilizoandikwa kwenye vipande vya boksi. Yeye mwenyewe hakuwahi kushika kipanya cha kweli, na siri hiyo hakumwambia mtu, hata mumewe.

Alhamisi moja mashine ikafika. Ililetwa na Nathanaël, kijana wa ofisi ya shule za parokia, mwenye tai nyekundu na masharti yake.

"Madame, onyesha banafunzi leçon moja mu hii ordinateur. Ukiweza, inabakia hapa. Ukishindwa, minaipeleka ku shule ya Luhwindja. Kule beko na mwalimu mwenye anajua."

Papa Ignace, préfet, yaani mkuu wa shule, akasogea mbele. Wanafunzi hamsini na wawili waliikodolea macho ile mashine kama watoto wanaongojea nyama ya Noeli.

Somo la Fabiola lilikuwa ndani ya flashi. Alichapiwa huko Ibanda, kwenye duka la fotokopi. Akaichomeka. Taa yake ndogo ikawaka. Akangoja. Kwenye skrini hakikutokea kitu.

"Clé haionekane," akasema.

Nathanaël akaichomoa, akaipuliza, akairudisha. Akaizima mashine, akaiwasha. Tai ni kitu kizuri, lakini haifungui flashi.

"Hii clé inakufa," akatoa hukumu. "Pole, Madame." Akanyoosha mkono kwenye waya wa umeme.

Fabiola akaona maji yamemfika shingoni. Miaka tisa ya chaki ingeishia hapo, mbele ya watoto wake, na Papa Ignace alikuwa ameshainamisha kichwa. Ndipo Élodie wa dawati la mbele, binti asiyejua kunyamaza, akasimama, mikono nyuma, kama siku ya kukariri.

"Leçon ya kumi na saba! Ordinateur inapokataa clé!"

Darasa zima likaitikia, maana somo hilo walilikariri mpaka kuta zikalijua. "Kwanza, hapana kukasirika! Ya pili, chomeka fasi ingine! Ya tatu, angalia kama taa inawaka! Ya ine, fungua Gestion des disques!"

Mkono wa Nathanaël ukabaki hewani. "Gestion ya nini?"

Fabiola akacheka, akajishangaa kwamba anacheka. Akachomeka flashi upande wa nyuma: bure. Taa ilikuwa inawaka. Ikabaki hatua ya nne, kufungua orodha ya diski zote, na hiyo ilitaka kipanya. Kilikuwa kidogo kuliko alichozoea kuchora, lakini kitufe cha kulia kilikuwa pale pale alipokichora kwa miaka tisa. Akapeleka mshale kona ya chini ya skrini, akakibonyeza. Orodha ikafunguka, neno kwa neno kama ilivyo kwenye daftari lake, akachagua Gestion des disques.

Na flashi ilikuwa humo, nzima kabisa! Kompyuta iliiona tangu mwanzo, ila haikuwa imeipa herufi ya kuitambulisha, na flashi isiyo na herufi haifunguki.

"Ya tano?" Fabiola akauliza bila kugeuka.

"Patia clé lettre yenye haina mwenyewe!"

"Lettre gani?"

"F! F ya Fabiola!"

Akaipa F. Somo lake likajaa skrini nzima, na darasa likalipuka kwa vigelegele. Papa Ignace, mtu mzima na koti lake, alicheza katikati ya madawati. Fabiola alilia kwa furaha, wala hakuficha machozi.

"Madame, hii ulijifunziaka wapi?" Nathanaël akauliza.

"Ku tableau," Fabiola akajibu, akionyesha ubao. "Na leo njo mara ya kwanza ninashika souris," akaongeza, kipanya bado mkononi.

Nathanaël akatoa kalamu. Kisha akatia sahihi karatasi ya kuiacha mashine, akaomba daftari apige picha ukurasa wa somo la kumi na saba.

Papa Ignace, kwa furaha yake, akakamata kifutio, akaiendea kompyuta ya ubaoni. "Hii sasa ni ya nini tena!"

"Papa Préfet, acha!" Fabiola akamdaka mkono.

Kabla hajaeleza sababu, umeme ukakatika na skrini ikawa nyeusi. Watoto wakaangua kicheko. Fabiola akachukua chaki, akageukia ubao, na somo likaendelea pale lilipoishia.