Foleni ya Mazingara

Tangu asubuhi miguu ya Kaleb ilikuwa imetokeza chini ya meza ya mapokezi, na kila Yusra alipotaka kukaa ilibidi aviombe radhi viatu. Kaleb alikuwa fundi wa simu na kompyuta hapo Manundu, mjini Korogwe. Siku hiyo alikuwa anafunga simu mpya ya mezani, ile inayopita kwenye intaneti, katika ofisi ya mradi wa maji. Ofisi ilikuwa hapohapo Korogwe, lakini mabomba mengi ya mradi yalikuwa upande wa Handeni, na huko ndiko maji yalikokuwa hayatoki.

"Washa," alisema Kaleb.

Yusra aliwasha. Simu ilitoa mwanga wa bluu, ikatulia kama inayotafakari, kisha ikaandika kwenye kioo kwamba haijasajiliwa.

"Zima. Washa tena."

"Kaka Kaleb, tumeiwasha mpaka imetuzoea."

"Dada, hii si redio. Lazima ijitambulishe huko iendako, na huko nako waikubali. Hii namba ya siri uliyonipa, haina herufi kubwa?"

Yusra alikwenda kumuuliza bosi, Bwana Semboja, kupitia mlango, kwa sababu alikuwa mwoga wa kuingia. Bwana Semboja alijibu kwamba hakumbuki, ila wakati anaichagua alikuwa amekasirika, kwa hiyo huenda ipo. Ilikuwepo. Baada ya hapo ikaonekana waya wa mtandao umechomekwa kwenye tundu lisilo lake. Ulipochomekwa penyewe, bando la ofisi likawa limekwisha. Bando liliponunuliwa, umeme ukakatika. Kaleb hakutoka chini ya meza. Alisema akitoka atasahau alipofikia.

Yusra alivumilia kwa sababu alikuwa na haja na simu ile kuliko mtu yeyote. Yeye alizaliwa Mazingara na mama yake bado alikuwa huko. Mashine ya kusukuma maji ya kijiji ilikuwa imeharibika tangu kabla ya mfungo, na watu walikuwa wanakunywa maji ya lambo pamoja na ng'ombe. Alikuwa amekwisha kumwambia Bwana Semboja mara nyingi, na jibu lilikuwa lilelile.

"Waambie wapige simu. Mradi haufanyii kazi maneno ya njiani. Ndiyo maana tunaleta simu."

Basi simu ikaja, na kuelekea jioni ikakubali kujisajili. Kaleb alimrekodi Yusra akisema: "Karibu. Simu yako ni muhimu kwetu. Kwa matatizo ya maji, bonyeza moja. Uko kwenye foleni, tafadhali subiri." Bwana Semboja alitaka kila mpigaji asikilizishwe maneno hayo mara kadhaa, hata kama hakuna mwingine mbele yake, ili aone kwamba ofisi ina shughuli.

Wa kwanza kupiga alikuwa mzee Mwinjuma wa Mazingara. Alipokuwa anasubirishwa, dumu la njano lilitokea sakafuni kando ya meza, likiwa limefungwa kitambaa cha kijani shingoni. Halikuanguka wala halikupiga kelele. Halikuwepo, kisha likawepo.

Yusra alinyanyua mkonga wa simu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Dumu langu limefika?"

"Limefika."

"Nimeambiwa niko kwenye foleni, nikaliweka chini, nalo likaondoka. Liko mbele?"

"La kwanza, mzee."

"Alhamdulillahi. Na maji?"

Yusra aliutazama mlango wa bosi. "Taarifa yako tumeipokea."

Mazingara, mtu akiambiwa yuko kwenye foleni anaweka dumu lake chini, basi. Baada ya hapo anaweza kwenda kupika, kulima au kuzika, nafasi yake ipo. Dumu ni mtu. Kulisogeza dumu la mwenzako ni jambo lisilofanywa, na kuna familia ambazo watoto wao hawaposwi mpaka leo kwa sababu bibi yao aliwahi kulifanya.

Watu wa Mazingara wakaendelea kupiga, na madumu yakaendelea kuja. Mengine yalikuwa na majina yaliyoandikwa kwa rangi, mengine yamefungwa kamba ya katani, na moja lilikuwa la mafuta ya kupikia, bado linateleza. Yalijipanga kutoka kwenye meza, yakapita korido, yakatoka mlango wa nyuma hadi kwenye bomba la uani. Asubuhi iliyofuata dumu la mzee Mwinjuma lilikuwa tayari chini ya bomba hilo, maana foleni hufuata maji, na maji ya mjini hapo ofisini yalitoka kila siku.

Agripina, mfanya usafi, alikuwa mtu wa milimani Lushoto, ambako maji hupita mbele ya mlango bila kuitwa. Aliuliza tu kama adeki au asideki.

"Deki pembeni," alisema Yusra.

"Pembeni ipi? Hawa watu wako wameniachia upenyo wa kupitisha kijiti cha kiberiti."

Bwana Semboja alichoka kwenda chooni kiubavu kama kaa. "Yaondoe haya," alisema.

"Ni foleni, bosi."

"Najua ni foleni! Kwani mimi nimezaliwa wapi?" Alizaliwa Magoma, ambako nako dumu la mwenzako halisogezwi. Aliinua mguu alisukume dumu lililokuwa mbele yake, akauacha mguu hewani, kisha akaurudisha chini. Akaagiza Kaleb aitwe.

Kabla Kaleb hajafika, Yusra alifungua bomba akalijaza dumu la mzee Mwinjuma mpaka shingoni. Akalifunga na kusubiri liondoke. Halikuondoka. Alilizunguka, akalifuta, akalisogelea na kulisemesha kwa Kizigua. Dumu lilikaa palepale limejaa.

Kaleb alipofika hakuhitaji kuingia chini ya meza. Alitazama kioo cha simu, akabonyezabonyeza. "Kifurushi alichochukua bosi ni cha kupokea tu. Kutoa ni kifurushi kingine."

"Hata dumu?"

"Chochote, dada. Kinaingia, hakitoki."

"Bosi, tubadilishe kifurushi," Yusra alisema mlangoni.

"Kazi yetu hapa ni kupokea malalamiko," ilijibu sauti ya Bwana Semboja. "Tutoe, tutoe nini?"

Mchana wa siku hiyo simu ililia na dumu jingine likaja mwisho wa foleni. Halikuwa na kifuniko. Lilizibwa kwa gunzi la hindi, na shingoni lilifungwa kipande cha sketi ya shule, ile ambayo Yusra aliivua kabla hajamaliza shule akaenda kusaidia kuchota maji. Alilitambua kabla ya kunyanyua mkonga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe ni wewe kweli? Mtoto nimemzaa mwenyewe, leo ananiambia nibonyeze moja! Nikakujibu, 'Yusra, ni mama yako,' ukaniambia tena simu yangu ni muhimu. Nikasema mtoto kaharibika huyu."

"Ile ni mashine, mama."

"Hiyo mashine ina sauti ya dharau. Haya, dumu langu umeliona?"

"La mwisho."

"Sijakuambia uliruke la mtu. Likifika zamu yake nijazie."

"Likijaa halirudi, mama. Simu hii inapokea tu. Mpaka mtu alifuate mwenyewe."

Nyuma ya sauti ya mama yake Yusra alisikia kuku na mtoto wa jirani analia. "Tutoke Mazingara tuje Korogwe kwa dumu? Na konda gani atapakia maji?" Akafukuza kuku. "Sasa mwanangu, hapa kijijini tumebaki na nini cha kuchotea?"

Yusra aliweka mkonga chini na safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia.

"Bosi, Mazingara sasa hawana maji na hawana madumu. Ile mashine itengenezwe."

Bwana Semboja alimtazama kana kwamba ni kabati lililoanza kuongea. "Kesho wanakuja wafadhili. Waone kwanza huduma yetu. Mashine tutaizungumza baadaye. Na wewe kesho uvae vizuri."

Wafadhili walikuja na gari refu jeupe. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mpole, mwenye kofia ya jua na chupa ndogo ya maji mkononi. Alitembea kando ya foleni toka mapokezi hadi uani, akapiga picha, akasifu jinsi watu wa Mazingara walivyo na nidhamu hata wasipokuwepo. Kisha akapiga simu ya ofisi kwa simu yake ya mkononi, aijaribu. Alimsikiliza Yusra wa kwenye mashine mpaka mwisho. Alipoambiwa yuko kwenye foleni, aliiweka chupa yake juu ya dirisha ili ashike simu vizuri. Chupa ikaondoka dirishani ikasimama nyuma ya dumu lenye gunzi.

"Inafanya kazi!" alisema mgeni, akafurahi sana.

Kila mtu akaitazama chupa, na hakuna aliyesogea. Bwana Semboja alikohoa. Aliinama, akaishika ile chupa kwa vidole viwili, akapita nayo mbele ya dumu lenye gunzi, mbele ya madumu ya rangi na ya katani na lile la mafuta, hadi uani. Agripina aligeukia ukutani. Kaleb, ambaye alikuwa ameitwa kwa tahadhari, alianza kukagua waya usio na tatizo. Bwana Semboja alifungua bomba, akaijaza chupa na kumpa mgeni kwa mikono miwili.

Mgeni alikunywa. Akatangaza kwamba ofisi inayopokea watu wengi namna hii inastahili simu ya pili. Wote walipiga makofi, Yusra naye, kisha wageni wakasindikizwa kwenye gari. Mashine ya Mazingara haikutajwa.

Simu ililia. Alikuwa mama.

"Foleni imesogea?"

"Kimepita kichupa kimoja."

"Cha nani? Wa kwanza si mzee Mwinjuma?"

"Cha mgeni. Kimerukishwa."

"Kimerukishwa na nani?"

"Bosi."

"Yule wa Magoma?"

"Huyohuyo."

Mama yake hakutukana. "Na mashine ya maji?"

"Bado, mama."

"Basi usikate. Ukikata watanirudisha mwanzo, kwenye bonyeza moja, na yule mtoto wa kwenye mashine sitaki kuongea naye tena. Nitasubiri hivihivi."

Yusra hakukata. Aliulaza mkonga mezani taratibu, akapita pembeni ya madumu hadi uani, akalifunga bomba. Bwana Semboja alikuwa ameliacha wazi, na maji yalikuwa yamekwisha kufika barabarani.